Programu Mpya katika Linux ya Zamani: Jinsi ya Kujenga Bila Kubomoa

Utangulizi

Ndugu msomaji, pengine utashangaa kukuta katika jarida la idara ya Kiswahili makala yanayohusu ujenzi wa programu za kompyuta. Nimeamua kuyaandika kwa sababu mbili. Kwanza, jambo lenyewe lilitukuta hapa idarani mwaka 2024 na nusura litugharimu kazi ya miaka mingi. Pili, wanafunzi wetu wengi hapa Burundi wamesoma kwa Kifaransa, ilhali ujumbe wa makosa unaotolewa na kompyuta pamoja na maelezo ya kuurekebisha huja kwa Kiingereza. Mwanafunzi hunakili amri asizozielewa, na amri moja mbaya hutosha kuizima mashine. Kiswahili kinaweza kuyaeleza mambo haya, na ni wajibu wetu sisi walimu kuonyesha hivyo.

Makala haya yanaeleza namna ya kuweka programu inayohitaji maktaba mpya katika mfumo wa Linux wa zamani ambao hauwezi kubadilishwa kwa sasa. Mfano nitakaoutumia ni ule tulioufanya wenyewe: kujenga Python 3.11 katika CentOS 7.

Hali ya mashine yetu

Seva ya idara inatumia CentOS 7, mfumo endeshi wa familia ya Linux uliotolewa mwaka 2014. Huduma yake ilikoma rasmi tarehe 30 Juni 2024, na tangu hapo hautengenezewi tena marekebisho ya usalama. Ushauri wa kwanza ambao mtaalamu yeyote angetupa ni kuhamia mfumo mpya, na ushauri huo ni sahihi. Lakini mashine hiyo ina vitu viwili vilivyotufunga mikono.

Cha kwanza ni hifadhidata ya msamiati iliyoandikwa miaka mingi iliyopita kwa Python 2.7. Aliyeiandika alishaondoka, na hakuna kati yetu aliyeweza kuihamishia katika Python mpya kwa muda mfupi. Cha pili ni masimulizi ya wazee wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa wasemaji wake wa Kiswahili. Wazee hao walikubali kurekodiwa kwa sharti moja: sauti zao, pamoja na maandishi ya sauti hizo, zibaki katika mashine ya idara. Baadhi yao wameshafariki dunia. Hakuna wa kumwomba ruhusa nyingine.

Mwaka huo mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili aliandika programu ya kuhesabu upatanisho wa ngeli katika masimulizi hayo. Katika kompyuta yake ilifanya kazi vizuri kwa matini za majaribio. Alipoileta katika seva, ilikataa. Alinijia akasema, "Mwalimu, mashine inasema nimekosea sintaksia." Hakuwa amekosea. Alikuwa ametumia muundo wa "match", ulioingia katika Python toleo la 3.10 mwaka 2021, na mashine yetu ilikuwa na Python 2.7. Kwa kuwa matini hazikuruhusiwa kuifuata programu, ilibidi programu izifuate matini.

Istilahi chache

Kabla ya kuendelea, tukubaliane kuhusu maneno. Istilahi za kompyuta kwa Kiswahili si jambo la leo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice tangu mwaka 2004. Hata hivyo, baadhi ya maneno bado yanawababaisha wasomaji.

Msimbo chanzo ni maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na binadamu. Kompaila ni programu inayoyageuza maandishi hayo kuwa faili ambalo mashine inaweza kuliendesha. Kazi hiyo nzima ndiyo ninayoiita kujenga. Saraka ni mahali pa kuwekea mafaili katika diski.

Maktaba, katika uwanja huu, ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa ambazo programu nyingine huziazima. Wanafunzi wetu waliozoea Kifaransa wakati mwingine huichanganya na duka la vitabu. Si duka, kwa kuwa hakuna anayeondoka na kitabu: programu nyingi husoma nakala ileile moja iliyo rafuni. Kwa mfano, OpenSSL ni maktaba inayoshughulikia mawasiliano ya siri. Programu inayotaka kuzungumza na tovuti kwa usalama haijiandikii hesabu hizo upya, huiomba OpenSSL. Hali hiyo ya programu kuhitaji maktaba fulani ndiyo inayoitwa utegemezi.

Chanzo cha tatizo

Python toleo la 3.10 na yanayofuata yanahitaji OpenSSL 1.1.1 au mpya zaidi. CentOS 7 ina OpenSSL 1.0.2. Hapo ndipo programu mpya na mfumo wa zamani vinapogongana.

Jambo la hatari ni kwamba mgongano huu haujitangazi kwa kelele. Tulipojenga Python 3.11 mara ya kwanza, kazi iliendelea kwa dakika nyingi, ikaisha, na Python ikafunguka. Tulipongezana. Mstari mmoja tu, uliopita upesi kati ya mamia ya mistari, ulisema kwamba moduli ya ssl haikuweza kujengwa. Hatukuuona. Tulipoiamuru pip, ambayo ndiyo huteremsha vifurushi vya Python kutoka mtandaoni, ikatujibu kwamba moduli ya ssl haipo. Tulikuwa na Python isiyoweza kutoka nje ya nyumba.

Funzo la kwanza basi ni hili: kujenga kukiisha bila kusimama si ushahidi kwamba kila kitu kimejengwa. Soma muhtasari wa mwisho, hasa pale panapoorodheshwa moduli zilizokosekana.

Kosa nililolifanya

Hapa sina budi kukiri. Nilifikiri hivi: ikiwa maktaba ni ya zamani, basi iondolewe, iwekwe mpya. Nilijenga OpenSSL ya toleo la 3.0, kisha nikabadilisha kiungo cha mfumo kiitwacho libcrypto.so.10 ili kielekee kwenye maktaba mpya. Nikafunga kikao changu, nikaenda nyumbani.

Asubuhi yake hakuna aliyeweza kuingia katika seva kwa njia ya mtandao. Programu inayopokea wageni, sshd, ilikuwa ikiitegemea libcrypto.so.10 ya asili. Ilipofungua jina hilo ikakuta kitu kingine ndani, ikagoma. Programu nyingine za mfumo nazo ziligoma kwa sababu hiyohiyo. Ufunguo wa chumba cha seva alikuwa nao mfanyakazi aliyekuwa likizo. Tulikaa siku mbili bila kujua kama masimulizi ya Buyenzi yapo salama. Hatimaye tuliingia chumbani, tukachomeka kibodi na skrini, tukarudisha kiungo mahali pake, na mashine ikapona. Hakuna kilichopotea, ila usingizi.

Mfano wa kamusi mbili

Kwa nini kubadilisha maktaba moja kulivunja mengi? Tuchukue mfano kutoka katika kazi yetu ya kila siku. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, toleo la pili likatoka mwaka 2004, na la tatu mwaka 2013. Tuseme walimu wa zamani wa idara waliandika maelezo yao ya somo kwa kurejelea kurasa za toleo la 1981. Leo mwanafunzi anahitaji neno lililomo katika toleo la 2013 tu. Je, tutaliondoa rafuni toleo la 1981 na kuweka la 2013 mahali pake, huku tukiacha jalada la zamani? Anayefuata maelezo ya zamani atafungua ukurasa aliotajiwa na kukuta neno jingine kabisa. Hatajua kwamba kamusi imebadilishwa. Atadhani maelezo ya mwalimu ni ya uongo.

Jawabu ni jepesi: weka matoleo yote mawili, kila moja na jalada lake, na umwambie kila msomaji alipo kitabu chake. Ndivyo Linux ilivyopangwa. Maktaba ya OpenSSL katika CentOS 7 inaitwa libssl.so.10, ya mfululizo wa 1.1 inaitwa libssl.so.1.1, na ya mfululizo wa 3 inaitwa libssl.so.3. Majina yametofautishwa makusudi ili maktaba hizo ziweze kukaa pamoja bila ugomvi. Mimi nilichokifanya ni kubandika jalada la moja juu ya nyingine.

Kanuni hiyohiyo inaihusu Python yenyewe. Katika CentOS 7, yum, yaani programu inayosakinisha vifurushi, imeandikwa kwa Python 2.7. Anayeifanya amri ya "python" ielekee kwenye Python 3 huiua yum papo hapo. Ya zamani iachwe mahali pake.

Hatua tulizofuata

Baada ya kujifunza kwa uchungu, tulianza upya. Tulichagua saraka ya /opt, ambayo mfumo wenyewe hauigusi, tukampa kila mgeni chumba chake: /opt/openssl3 na /opt/python311. Asiye na mamlaka ya msimamizi anaweza kufanya yaleyale ndani ya saraka yake ya nyumbani.

Hatua ya kwanza ni kuandaa vifaa: kompaila ya gcc, make, na vifurushi vya maendeleo vya maktaba za kawaida, kama zlib-devel, bzip2-devel, libffi-devel, sqlite-devel na readline-devel. OpenSSL 3 huhitaji pia perl-IPC-Cmd. Bila hicho hukatika mwanzoni kabisa ikilalamika kwamba haikioni. Kumbuka kwamba tangu Julai 2024 anwani za kawaida za vifurushi vya CentOS 7 hazipo tena. Vifurushi vimehifadhiwa katika vault.centos.org, na ni lazima mafaili ya mipangilio yaliyomo katika /etc/yum.repos.d yaelekezwe huko.

Hatua ya pili ni kujenga OpenSSL. Ndani ya saraka ya msimbo chanzo wake tuliandika:

./config --prefix=/opt/openssl3 --libdir=lib --openssldir=/etc/pki/tls
make
make install_sw

Tueleze sehemu tatu za mstari wa kwanza. Ya kwanza inasema maktaba iwekwe wapi. Ya pili ni ndogo lakini ndiyo iliyotupotezea mchana mzima: katika mashine za biti 64 OpenSSL 3 hupenda kujiweka katika saraka iitwayo lib64, ilhali Python huitafuta katika lib. Tusipowakutanisha, Python husema OpenSSL haipo, nayo ipo mlango wa pili. Sehemu ya tatu inaionyesha OpenSSL mpya mahali ambapo CentOS huhifadhi vyeti vinavyothibitisha tovuti. Bila hiyo, maktaba itafanya kazi lakini haitamwamini mtu yeyote. Amri ya mwisho, install_sw, huweka programu na maktaba tu na kuiacha mipangilio ya mfumo kama ilivyo.

Hatua ya tatu ni kujenga Python:

./configure --prefix=/opt/python311 --with-openssl=/opt/openssl3 --with-openssl-rpath=auto
make
make altinstall

Hapa ipo siri ya kazi nzima. Programu hukutana na maktaba mara mbili: mara ya kwanza inapojengwa, mara ya pili kila inapoendeshwa. Sehemu ya --with-openssl inashughulikia mara ya kwanza. Sehemu ya --with-openssl-rpath inashughulikia mara ya pili, kwa kuandika ndani ya moduli yenyewe anwani ya maktaba itakayoihitaji. Wengi hushughulikia mara ya kwanza na kusahau ya pili. Kisha hushangaa kuona programu iliyojengwa vizuri jana ikisema leo kwamba haioni libssl.so.3. Nayo altinstall huiweka Python kwa jina la python3.11 pekee, bila kunyang'anya jina la mtu mwingine.

Onyo moja kuhusu amri za kunakili: maelekezo mengi huongeza --enable-optimizations ili Python iende kasi zaidi. Kompaila ya CentOS 7, GCC 4.8.5, ina hitilafu inayoifanya kazi hiyo ikwame katikati. Ama iache sehemu hiyo, ama tumia kompaila mpya zaidi. Sisi tuliiacha, kuhesabu ngeli hakuhitaji haraka hiyo.

Hatua ya nne ni kuthibitisha:

/opt/python311/bin/python3.11 -c "import ssl; print(ssl.OPENSSL_VERSION)"

Jibu likianza na OpenSSL 3.0, umefaulu. Ukitaka kujua programu yoyote inasoma maktaba zipi, tumia amri ya ldd ikifuatiwa na anwani ya faili lake. Itakuorodheshea kila maktaba na mahali ilipo, na itakuonyesha pia ile isiyoonekana.

Njia ya mkato ya kuepuka

Wapo watakaokushauri uandike anwani ya maktaba mpya katika LD_LIBRARY_PATH, yaani kigezo kinachoiambia kila programu mahali pa kutafuta maktaba kwanza. Kwa jaribio la mara moja si vibaya. Lakini ukikiandika katika mipangilio ya kudumu, kila programu utakayoiendesha itapitia huko kabla ya kwenda kwenye maktaba yake halali. Majina ya matoleo yakitofautiana, huenda usione madhara. Yakiwa sawa, kama ilivyo kwa libstdc++.so.6 ambayo imebaki na jina hilo kwa miaka mingi ingawa ndani yake imekuwa ikiongezeka, programu za zamani zinaweza kusoma kitabu kisicho chao. Mwelekeze anayehitaji tu. Usiwatangazie watu wote sokoni.

Maktaba isiyoguswa

Ipo maktaba moja ambayo kanuni ya kuweka mbili pamoja ni ngumu kuitekeleza. Ni glibc, msingi wa karibu kila programu katika Linux, hata ile ndogo inayoorodhesha mafaili. CentOS 7 ina glibc 2.17, iliyotoka mwaka 2012. Ukiibadilisha vibaya, hata amri ya kurekebisha kosa lako haitafunguka. Usiiguse.

Utakutana nayo utakapoteremsha programu iliyokwisha kujengwa kwingine. Node.js 18, kwa mfano, hudai glibc 2.28, na katika CentOS 7 hukataa kuanza. Sababu yake ni hii: programu iliyojengwa juu ya glibc ya zamani huweza kuendeshwa juu ya mpya, lakini iliyojengwa juu ya mpya haina uhakika wa kuendeshwa juu ya ya zamani. Ndiyo maana kujenga kutoka katika msimbo chanzo, ndani ya mashine ileile ya zamani, mara nyingi huleta nafuu: kompaila hutumia glibc iliyopo. Vifurushi vya Python navyo viko hivyo. Kwa miaka kadhaa vingi vilijengwa vikilenga glibc 2.17, na sasa vingi vinahamia 2.28. Kwa hiyo pip inaweza kuteremsha msimbo chanzo na kujaribu kuujenga, au ikakuletea toleo la zamani la kifurushi hicho.

Pale ambapo hata kujenga hakuwezekani, limebaki kontena: mazingira yaliyofungwa, yenye maktaba zake zote pamoja na glibc yake, yanayoazima kutoka kwenye mashine kiini cha mfumo tu. Ni kama mgeni anayekuja na jiko na vyombo vyake, akaomba uwanja peke yake. Lakini kiini nacho kina umri. Cha CentOS 7 ni cha mfululizo wa 3.10, na si kila mgeni wa leo atakubali kupika juu yake.

Gharama iliyobaki

Isidhaniwe kwamba kazi hii ni ya bure. Maktaba inayotolewa na mfumo hurekebishwa na wenye mfumo. Maktaba uliyoijenga mwenyewe ni mtoto wako. Udhaifu ukigunduliwa katika OpenSSL, hakuna atakayekuja kuirekebisha katika /opt yako. Utateremsha toleo jipya na kujenga tena. Mwisho uliotangazwa wa huduma ya OpenSSL 3.0 ni Septemba 2026, na wa Python 3.11 ni Oktoba 2027. Zaidi ya hayo, kiini na glibc ya mashine yetu vimebaki vya zamani, na OpenSSL mpya haiviponyi. Kwa hiyo tuliiondoa seva katika mtandao wa nje. Sasa inafikiwa kutoka ndani ya idara tu.

Ni muhimu pia kuandika. Tuna daftari, la karatasi kabisa, linalosema nini kimejengwa, toleo gani, kwa amri zipi, tarehe gani, na nani alifanya. Hifadhidata yetu ya msamiati imetufunga kwa sababu aliyeitengeneza hakuacha daftari kama hilo. Hatutaki anayekuja baada yetu atulaumu kwa kosa lilelile.

Hitimisho

Mwanafunzi wetu aliendesha programu yake katika seva, karibu na matini za wazee, na hakuna sauti hata moja iliyotoka nje ya makubaliano. Hifadhidata ya msamiati nayo inaendelea kufunguka kwa Python 2.7, bila kujua kwamba ina jirani.

Kwa ufupi, mwenye mashine kongwe akumbuke haya: asiondoe maktaba ya mfumo, aweke mpya katika saraka yake, aielekeze programu mara mbili, wakati wa kujenga na wakati wa kuendesha, asiiguse glibc, asome ujumbe wote, asifunge kikao chake kabla ya kujaribu kufungua kingine, na aandike alichofanya. Haya yote ni daraja la muda. Idara imeanza kuihamishia hifadhidata katika Python mpya, neno kwa neno, na siku itakapokamilika tutahamisha kila kitu, pamoja na masimulizi, katika mashine mpya itakayobaki ndani ya kuta zilezile tulizowaahidi wazee.